Mshale Unaopanda Nchi Kavu

Ukilowesha, umenunua. Ndiyo amri ya gereji yetu, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, na aliyeiandika ni marehemu baba kwa mkono wake mwenyewe. Baba alichoshwa na waungwana wa mwisho wa wiki. Walikuwa wanakuja na miwani nyeusi na wake zao, wanaomba kuijaribu pikipiki ya maji kidogo tu, wanazunguka ziwa zima, wanapigana picha, wanarudi wamelowa na vicheko vyao, halafu wanasema wanakwenda kufikiria. Hawakufikiria kitu. Walikwenda kula. Basi baba akaweka amri: chombo kinakaa uani juu ya magogo, utakishika, utakikalia, utakiwasha ukitaka, lakini kikigusa maji kimeshakuwa chako.

Nimeanza na amri hii kwa sababu ndiyo iliyommaliza wifi yangu. Kaka yangu naye ana lake la kujibu, na nitalisema, maana mimi si mtu wa kuficha maneno mdomoni. Lakini kama isingekuwa amri ile, kazi ya wifi ingejieleza yenyewe majini, na mimi leo nisingekuwa na hasira hii.

Gereji ni ya familia. Tunauza na kutengeneza vyombo vidogo vya maji vilivyokwisha tumika, hasa hizi pikipiki za maji ambazo kila mtu anaziita jeti. Baba alipofariki, Kaka Mkubwa alichukua ofisi, simu na wateja. Kaka Mdogo akachukua meza ya kazi. Mimi, kwa kuwa ni binti, nilipewa kona ya banda yenye cherehani, nikawa nashona viti: sponji, reksini, gundi, uzi mnene. Msinihurumie, kona yangu naipenda. Kutoka pale naona ua mzima, na hakuna anayemwona mshona viti. Watu wanasema mbele yangu mambo ambayo hata mbele ya paka wangeona haya.

Wifi alikuja gerejini mara ya kwanza akiwa bibi harusi wa juzi, kambebea mume wake chakula kwenye hotipoti. Akamkuta Kaka Mdogo amefungua dashibodi ya jeti, amekunja ndita, anatukana chini chini kwa sababu skrubu imeangukia ndani na vidole vyake vinene haviingii. Wifi akaweka hotipoti pembeni, akaingiza mkono, akaitoa skrubu. "Kumbe nimeoa koleo," kaka akasema. Wifi hakurudi nyumbani mpaka jioni. Kesho yake akaja tena, safari hii bila hotipoti, na tangu hapo wote wawili wakawa wanashindia mikate ya dukani.

Jina lake pale gerejini ni Taratibu. Ukishika bisibisi karibu naye, kabla hujagusa skrubu utasikia, "Taratibu." Ukimenya chungwa, taratibu. Kaka alidai kwamba hata akikoroma usiku anaambiwa taratibu. Na msidhani nawachorea malaika. Mdomo anao. Mshono wangu ukienda mrama ataupitishia kidole na kuniuliza, "Wifi, hapa ulikuwa unashona au unakimbizwa?" Asubuhi usimsemeshe kabla hajamaliza chai. Na ukiazima kifaa chake ukamrudishia kichafu, utasemwa wiki nzima.

Kaka Mdogo alimwachia dashibodi zote. Mshale wa mafuta, mshale wa joto, taa za betri, spidomita, vyote vikawa vyake, na yeye akabaki na injini. Walisimama meza moja, huyu upande huu na yule upande ule, wakipokezana testa bila hata kuangaliana. Kaka alikuwa na msimamo mmoja aliomrithisha: kifaa cha kupima kiseme kweli au kisiwepo. Mshale uliomshinda aliung'oa na kuziba tundu kwa kipande cha plastiki, mteja akikasirika na akasirike. Niliwahi kumwambia anajikosesha wateja, akanijibu nishone viti.

Akaugua kifua, akaugua sana, akatutoka. Tulipomaliza kulia, wifi alirudi kwenye ile meza akasimama upande wake, na upande wa pili, wa mumewe, ukabaki mtupu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Kaka Mkubwa alimwangalia kupitia dirisha la ofisi na hakujua amfanye nini.

Nimtendee haki Kaka Mkubwa. Si katili. Alimuuguza mdogo wake na kumzika kwa heshima zote. Lakini ni mtu wa simu na tabasamu, na mikono yake ina muda mrefu haijanusa grisi. Kwake yeye meza ya kazi ni nafasi, na nafasi inaweza kukaliwa na mtu mwingine. Akaanza kutaja kijana fulani fundi wa kompyuta wa mjini, anayevaa fulana nyeupe kazini. Wateja, alisema, wakiingia wakamwona mwanamke amechutama nyuma ya jeti wanaanza kuuliza fundi yuko wapi. Hilo ni kweli, niliwasikia kwa masikio yangu. Wanamuuliza yeye mwenyewe, bisibisi mkononi: "Mama, fundi yuko?"

Sasa, ilikuwepo jeti moja ya kijani. Ilikuwa imepita kwa wamiliki watatu kabla ya kutufikia, kiti chake nilikishona upya mimi, injini yake Kaka Mdogo aliifungua na kuifunga kabla hajaugua, na ilikuwa inanguruma vizuri tu. Ubovu wake ulikuwa mmoja, spidomita. Kila mnunuzi aliyekuja alipanda, akawasha, akapiga resi, akautazama mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, akashuka. Jeti ikakaa juu ya magogo mpaka kunguru wakaifanya kituo chao.

Hapa lazima nieleze kidogo. Gari linahesabu mizunguko ya tairi. Jeti haina tairi. Chini kabisa nyuma, karibu na mdomo unaotema maji, kuna kigurudumu chenye vibawa, hakizidi kifuniko cha soda. Chombo kikienda, maji yanakizungusha. Ndani yake mna sumaku, na juu yake kuna sensa inayohesabu na kuupelekea mshale habari. Pasipo maji hakizunguki, na kisipozunguka mshale hauna habari. Kwa hiyo hata jeti nzima isiyo na ubovu wowote, ukiiwasha juu ya magogo, mshale wake wa spidi utalala palepale. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ni jambo la kumwelewesha mtu kwa maneno mawili. Hata gari, ukilipigia resi limesimama, mshale wa spidi haupandi, na hakuna anayelalamika. Lakini mtu huyohuyo akija kununua jeti, akili anaiacha getini. Zamani Kaka Mdogo aliwaambia wateja, "Ikiingia majini itaamka," wakamwamini kwa sababu ya sauti yake nzito. Halafu gereji za jirani zikaleta mchezo wao. Injini ina waya unaopeleka habari za mizunguko yake kwenye mshale mwingine, ule wa resi. Wao wakauchepusha waya ule wakaupeleka kwenye spidomita. Basi ukipiga resi pale uani, mshale wa spidi unapanda kwa madaha, mnunuzi anatabasamu, anafungua pochi. Baada ya muda wanunuzi wote wa mji huu wakajifunza kwamba jeti nzima ni ile ambayo mshale wake unapanda nchi kavu.

Majini ni balaa tupu. Injini inaweza kulia kwa nguvu zake zote na chombo kisiende popote kwa sababu majani yameziba pampu, na mshale utakwambia unaruka. Na ukiwa umeshika kasi ukaachia mafuta ghafla, mshale unaanguka kwenye sifuri wakati wewe bado unateleza kuelekea kwenye vichwa vya watu wanaoogelea. Wifi alikuwa akiusikia mchezo ule ukitajwa anatema mate.

Siku moja Kaka Mkubwa alitoka ofisini akaja mpaka mezani. Nilijua kuna jambo, kwa sababu alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai, na kaka yangu hambebei mtu chai.

"Shemeji," akasema, "ile ya kijani kuna mkandarasi anaitaka. Mstaafu, ana hoteli yake kule ufukweni. Anakuja kuiona. Itengeneze spidomita. Ukiiuza ile, meza ni yako. Kabisa. Nitaandika mpaka kwenye kibao cha getini."

"Nisipoiuza?"

"Yule kijana anataka jibu, shemeji. Siwezi kumsubirisha kila siku."

Wifi akapokea chai, akainywa yote pale pale mbele yake, akamrudishia kikombe. "Nitaitengeneza," akasema.

Nimeona watu wengi wakifanya kazi, lakini ile ya jeti ya kijani ilikuwa kazi ya mtu anayepigania pa kusimama. Alijilaza chali chini ya chombo juu ya boksi lililofunguliwa. Akakuta mshipi wa kuvulia samaki umejisokota kwenye mhimili wa kigurudumu mpaka umekuwa fundo gumu, na juu yake mjanja mmoja wa zamani kapaka silikoni ili kizibe kabisa. Alikata mshipi ule uzi mmoja mmoja kwa wembe. Silikoni aliikwangua kwa kucha, kwa sababu, alisema, chuma kingekwaruza vibawa. Kigurudumu kikatoka. Kibawa kimoja kilikuwa kimevunjika. Akakitengeneza kingine kwa plastiki ya kopo la mafuta, akakipiga msasa, akakipima kwa kukizungusha kwenye ncha ya sindano yangu ya kushonea mpaka kikaacha kuegemea upande mmoja. Waya wa sensa ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani ndani ya ganda lake. Akauvua wote, akapitisha mpya, akaulehemu, akauvika mpira na kuuchoma kwa kiberiti ukabana.

"Taratibu," akawa anajiambia mwenyewe.

Alipomaliza aliniita. Akanikalisha kwenye kiti nilichokishona, akawasha umeme bila kuwasha injini, akaenda nyuma na mpira wa maji, akakipulizia kigurudumu. Mshale ukaamka. Akaongeza maji, ukapanda. Akapunguza, ukashuka. Ulikuwa unamfuata kama mbuzi anayemjua mwenye kamba. Nikapiga vigelegele mpaka Kaka Mkubwa akachungulia dirishani. Wifi alikuwa amelowa mpaka magotini na alikuwa anacheka, na nikakumbuka kwamba tangu tuzike sikuwa nimemwona akicheka.

Mkandarasi akaja. Mtu mnene, mpole, ana salamu nyingi. Akapanda jeti, chuma kikalalamika. Kaka Mkubwa akamwashia, akamwambia apige resi fupi fupi kwa sababu injini haipendi kukaa muda bila maji. Mkandarasi akapiga. Akautazama mshale wa spidi.

"Mbona bado imekufa hii?"

"Haijafa, mzee," wifi akasema, "ndivyo inavyokuwa nchi kavu. Ngoja nikuonyeshe." Akachukua mpira wa maji akaenda nyuma, akapuliza. Mshale ukapanda. Akaacha, ukashuka.

Mkandarasi aligeuza shingo akamtazama mwanamke yule na mpira wake, akautazama mshale, akamtazama tena. Uso wake ukabadilika, ule upole ukaisha.

"Mama," akasema, "mimi ni mtu mzima. Mpira wa maji unausukuma mshale, halafu injini haiusukumi? Hiki ni kiini macho."

"Mzee, kigurudumu kiko chini..."

"Hapo jirani nimewasha tatu, zote zinapanda. Hapa mnanipulizia maji kama mnamwogesha mtoto."

"Ishusheni ziwani basi!" nikapaza sauti kutoka kwenye cherehani yangu. "Ziwa lile pale! Ishusheni aone!"

Kaka Mkubwa alinigeukia kwa jicho ambalo ningekuwa mtoto ningelia. Akaelekeza kidole ukutani, kwenye maandishi ya baba. Ukilowesha, umenunua. Mkandarasi akayasoma, akasema yeye hawezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, alipe kwanza ndipo aone. Akaangalia saa yake. Akasema anakwenda benki, atapita tena baadaye akitoka, kwa heshima ya marehemu baba yetu aliyekuwa anafahamiana naye. Akikuta imetengenezwa ataichukua. Asipokuta, jirani yuko.

Akatoka getini. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye mpira.

"Umemsikia," Kaka Mkubwa akasema.

"Inafanya kazi, shemeji. Umeiona kwa macho yako."

"Nimeiona. Na yeye kaiona, na kaondoka. Unajua cha kufanya. Hata mtoto anajua, ni waya mmoja tu."

"Mdogo wako asingefanya."

"Mdogo wangu hayupo!" Alipaza sauti, halafu akaishusha, na ile ya chini ilikuwa mbaya zaidi. "Hayupo, shemeji. Mimi ndiye niliyebaki na hii gereji. Akirudi yule mzee mshale haupandi, kusanya vitu vyako. Sitaki ugomvi."

Niliinuka nikamfuata mpaka ofisini. Nilimwambia yote. Nilimwambia amri ya baba ilikuwa ya kuwazuia matapeli, haikuwa ya kututapelisha sisi, na kwamba anaweza kuivunja mara moja tu, kwa ajili ya mke wa ndugu yake, ukuta hautaanguka. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake mezani. Akasema akiivunja kwa mmoja ataivunja kwa wote, na kwamba kuna kiti cha mteja kinanisubiri.

Niliporudi, wifi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikamwambia, "Usifanye. Tuondoke wote. Cherehani ni yangu, tutapata pa kukaa."

"Pa kukaa patapatikana," akasema. "Mimi natafuta pa kusimama. Wifi, nani atanipa meza? Nimeshazunguka. Nilienda kwa jirani mwezi ule, sikukwambia. Akaniuliza kama najua kupika, eti mafundi wake wanakula vibaya." Akacheka kidogo, cheko kavu. "Hapa naamka asubuhi najua nakwenda wapi. Nikija nasimama pale, na yeye ni kama yuko upande ule. Nikitoka hapa atakuwa amekufa kweli."



Akainuka. Akafungua dashibodi, akauchomoa waya mpya aliokuwa ameulehemu mwenyewe, akaufunga ncha yake kwa utepe mweusi. Akauchepusha ule wa resi. Kazi ya nusu saa. Lakini Taratibu ni Taratibu: mshale wa jirani unarukaruka ovyo kama umepigwa na shoti, wa kwake aliuwekea kizuizi kidogo cha umeme katikati, ukawa unapanda polepole, unatulia, unashuka kwa adabu. Hata uongo aliufanya kwa ustadi. Aliponyanyua uso, macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mkandarasi akarudi. Akawasha, akapiga resi, mshale ukapanda. Akapiga tena, ukapanda tena. "Si mnaona?" akasema kwa furaha. "Mlikuwa mnanisumbua bure!" Akampa wifi mkono. Akamwambia Kaka Mkubwa kwamba huyu mama mkimbana anaweza. Jeti ya kijani ikapandishwa kwenye tela na ikaondoka na kiti changu juu yake.

Kaka Mkubwa ni mtu wa ahadi, lazima niseme. Kabla wiki haijaisha fundi wa maandishi alikuja akaandika kwenye kibao cha getini, chini ya jina la baba: SPIDOMITA NA DASHIBODI, MUONE MAMA TARATIBU. Yule kijana wa fulana nyeupe akapata kazi kwingine. Meza ikawa yake, jiriwa yake, droo zake, na funguo akapewa.

Na wateja wakaja. Mkandarasi alikuwa na marafiki wengi, na kila mmoja aliambiwa kwamba kwetu mshale unapanda vizuri kuliko kwa jirani. Walikuja na jeti zao, walitoka mpaka vijiji vya ng'ambo. Hawakusema, "Spidomita yangu mbovu, itengeneze." Walisema, "Nifungie kama ya Mkandarasi." Mwanzoni wifi alijaribu. Alimwambia mmoja, akamwambia wa pili, kwamba anaweza kuwatengenezea ya kweli. Walimwitikia "ndiyo mama, ndiyo mama," kisha wakapiga resi pale uani kuhakikisha. Baadaye akaacha kusema. Vigurudumu vya chini akawa hata havitazami. Siku moja niliona jeti imeletwa na mshipi unaning'inia nyuma yake kama mkia. Nikamwonyesha. "Nani ataenda kuchungulia kule, wifi?" akasema, akaendelea na waya wake.

Neno taratibu nikaacha kulisikia. Kazi ilikuwa nyingi na alikuwa anaimaliza haraka.

Nilidhani limekwisha hapo, kwamba ndiyo maisha, watu wanazoea. Mpaka alipokuja yule dada wa uokoaji.

Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mabega mapana ya mwogeleaji, filimbi shingoni. Kazi yake ni kulinda watu wanaooga kwenye fukwe za hoteli. Jeti yake ya zamani ilikuwa imekufa, na wakubwa wake wa serikalini walimpa ruhusa ya kutafuta nyingine iliyotumika. Kaka Mkubwa alimpokea kwa tabasamu lake lote na kumpeleka kwenye nyekundu iliyokuwa juu ya magogo, ambayo wifi alikuwa ameimaliza asubuhi ileile.

Dada hakupanda kwanza. Aliinama akachungulia chini, nyuma. Sikuwa nimemwona mteja akifanya hivyo tangu kaka afariki. Kisha akapanda, akawasha, akapiga resi moja.

Mshale ukapanda, ukatulia, ukashuka kwa adabu.

Akazima palepale. Akabaki amekaa, mikono juu ya usukani.

"Nani kafunga hii?"

"Fundi wetu mwenyewe," Kaka Mkubwa akasema, kifua mbele. "Shemeji yangu huyu hapa. Mji mzima wanakuja kwake."

Wifi alikuwa ameshasogea, anajifuta mikono kwa kitambaa. Dada akashuka. Wakatazamana wanawake wawili.

"Wewe ndiye mke wa yule fundi aliyekuwa hapa?"

"Ndiye mimi."

"Yule alinitengenezea ya kwanza. Miaka saba haikuwahi kunidanganya. Naingia na jeti katikati ya watoto wanaoogelea, nakodoa macho majini kutafuta kichwa, mshale ndio unaoniambia nipunguze au la. Nikasikia amefariki, nikasema basi. Halafu nikaambiwa mkewe yupo, ndiye aliyekuwa anafunga mishale yake."

"Ni kweli. Nilikuwa nafunga mimi."

"Na hii pia wewe?"

"Mimi." Wifi akakikunja kitambaa, akakikunjua. "Dada, hii naitoa sasa hivi. Nakufungia ya kweli, na kigurudumu kipya. Nipe mpaka kesho. Najua kuifunga."

"Najua unajua," dada akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Hao jirani hawajui walifanyalo. Hao ningewaelekeza, wangetengeneza, nami ningepanda. Wewe ulijua, na ukafunga. Nitapandaje?"

Akampa pole ya msiba, kwa sababu hakuwa amefika kwetu tangu wakati ule. Akaaga vizuri, hata mimi akanipungia mkono. Akatoka getini akapita chini ya kibao bila kukisoma.

"Mteja mmoja tu," Kaka Mkubwa akasema. "Wa serikali hao, malipo yao yenyewe yanachelewa." Akarudi ofisini.

Nilitamani kumpiga na kitu. Nilitamani kumkimbilia yule dada nimweleze habari ya Mkandarasi, ya mpira wa maji, ya ile siku wifi alicheka akiwa amelowa mpaka magotini. Nilikuwa nimeshavua hata viatu vya kazini. Lakini wifi alikuwa amesimama mezani amenipa mgongo, mikono miwili juu ya mbao, nikaenda kwake kwanza.

"Wifi," nikamwambia.

"Angekuja yeye kabla," akasema. "Ile ya kijani. Angekuja yeye badala ya yule mzee, angeinama, angeiona."

"Angeiona."

"Angeichukua palepale."

"Palepale, wifi."

Alitingisha kichwa. Midomo ilikuwa inamcheza. Nikadhani sasa atalia, na nikashukuru, kwa sababu tangu siku ya waya ule sikuwa nimemwona akilia. Getini honi ikapiga. Tela lilikuwa linaingia na jeti mbili juu yake, na mwenye nazo alikuwa ameshatoa kichwa dirishani anauliza kama hapa ndipo kwa yule mama wa mishale.

"Shemeji!" Kaka Mkubwa akaita. "Wateja!"

Wifi akavuta droo, akatoa waya.

"Naja, shemeji," akasema.